Kibandiko Cheusi kwenye Flopi ya Ubatizo

Mimi si mtu wa kuomba radhi upesi. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani nimemkasirikia yeye. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitarajie machozi. Nitaeleza nilichokifanya, na atakayetaka kunihukumu, kiti kipo, akae ahukumu.

Katika miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta ndani ya saluni ya nywele. Saluni ilikuwa ya mama mmoja wa Kinshasa, ndani ya jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, na meza yangu ilikuwa nyuma kabisa, baada ya kofia ya mwisho ya kukaushia nywele. Mume wangu ndiye aliyenileta Brussels kutoka Tanga, yeye akiwa mwanafunzi. Alimaliza masomo, akanimaliza na mimi, akahamia Liège kwa mwanamke mwingine. Nilibaki na ufundi wa redio niliofundishwa na baba, basi nikaanza kutengeneza redio kaseti za Wakongo wa mtaa wetu, Matonge, na redio zilipopungua zikaja kompyuta. Mwenye saluni alinipa kona yake bure, na mimi nikawa namtengenezea kofia zake kila zilipoungua.

Wateja wapya wakifika walikuwa wananiruka kwa macho na kuuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nikiwajibu, "Ametoka, ameniachia mikono yake." Wengine walicheka. Wengine walirudi mlangoni kuhakikisha hawakukosea duka.

Yule mama wa Bukavu hakufanya hayo. Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka tisini na tisa, koti limelowa mvua mpaka mabegani. Alikuwa anasafisha sakafu kwenye hospitali kubwa ya Jette, na kutoka kule mpaka kwetu ni kubadili tramu na metro. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa za kusafishia. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniangalia mimi, si nyuma yangu.

"Maman, bonjour. Banasema ni wewe njo unatengenezaka mashini."

"Nazitengeneza zikikubali, mama. Karibu, keti."

Hakuketi. Alitoa Biblia mfukoni, ndani ya Biblia akatoa bahasha, ndani ya bahasha akatoa flopi. Si zile ndogo ngumu tulizozizoea wakati ule. Ilikuwa ile kubwa ya zamani, inayopindika, yenye tundu katikati na mwanya mrefu ambapo unaiona diski yenyewe ya kahawia. Pembeni ilibandikwa kipande cha karatasi nyeusi, kimekunjwa juu ya kipengele, pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo. Aliishika kwa vidole viwili na kunisubiri. Nikaelewa anataka nipanguse meza kwanza. Nikapangusa. Nilimpenda kuanzia pale.

Habari yake alinieleza bila kupandisha sauti, huku kofia za nywele zikivuma nyuma yake. Mume wake alikuwa karani wa parokia moja nje ya Bukavu. Padri wa Kibelgiji aliyekuwa pale alipewa kompyuta ya nyumbani na ndugu zake wa Ulaya, moja ya zile za mwanzo, kibodi na mashine kitu kimoja, akamkabidhi karani. Vitabu vya ubatizo vilikuwa vikiliwa na mchwa, kwa hiyo karani akavinakili vyote humo, mwaka baada ya mwaka, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, wasimamizi. Vita vilipofika, ofisi ya parokia iliungua na vitabu na kompyuta. Mume wake alikuwa ameichukua flopi moja kifuani. Alikufa njiani, kwa kuhara, siku ya tisa ya kutembea. Yeye akaitoa flopi kwenye shati lake kabla hawajamzika.

"Batoto yangu beko Nairobi, kwa dada yangu," akasema. "Babili. Mukubwa iko na dix-sept ans. Mudogo iko na neuf ans. Avocat anasema, maman, akifikisha dix-huit, bon, ni basi. Hawezi tena kuja juu ya mama yake."

Wakili alihitaji karatasi ya kuonyesha kwamba wale watoto, mmoja wa miaka kumi na saba na mwingine wa tisa, ni wake na walizaliwa lini. Yeye hakuwa nayo hata moja. Padri yule wa zamani alikuwa bado hai, amestaafu, anatunzwa kwenye nyumba ya mapadri wazee upande wa kaskazini, kwa Waflamand. Alikuwa amesema wazi kwamba sura za watoto hazikumbuki, alibatiza maelfu, lakini rejista yake ataitambua akiiona, na akiiona ataitia sahihi. Wakili akasema hiyo ingetosha kuanzia. Na mtoto mkubwa alikuwa anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa tisa, na baada ya hapo sheria isingemruhusu kuja kwa jina la mama yake.

"Niachie," nikamwambia.

"Haitapotea?"

"Mama, nikipoteza hii, usinisalimie tena."

Ndivyo nilivyokuwa nasema, kwa mdomo mwepesi. Alicheka kidogo, akaenda zake.

Kabla sijaiweka kwenye droo niliona bahasha ina doa la mafuta. Mafuta ya zeituni, kwa harufu. Nilijua yametoka wapi. Kikundi chake cha sala, walimosali pia baadhi ya wasusi wetu, kilikuwa na desturi moja: karatasi yoyote ya mtu inayokwenda ofisini, iwe barua ya kuitwa komini, yaani manispaa, iwe pasi, iwe fomu ya nyumba, iliwekwa kwanza katikati ya duara siku ya Ijumaa, wakaiombea, na kiongozi akaigusa kwa kidole chenye mafuta. Mimi ni Mwislamu, lakini desturi hiyo sikuidharau. Niliwahi kupokea kompyuta nzima iliyopakwa mafuta kwenye kibodi. Nilichukua lenzi yangu nikaikagua flopi pande zote mbili, mwanya wote, nikaizungusha kidogo kidogo kwa kidole. Mafuta yaliishia kwenye bahasha. Diski ilikuwa safi kabisa, na hili ninalisisitiza.

Kwenye kompyuta yangu haikusomeka. Sikushangaa, na lazima nieleze kwa nini, maana bila hilo hamtaelewa lililofuata.

Draivu ya flopi ni kitu kijinga. Ina mota inayozungusha diski mara tano kwa sekunde. Ina hedi, ndugu ya hedi ya redio kaseti, inayogusa diski na kusikia sumaku yake. Ina mota nyingine ndogo inayosogeza hedi hatua kwa hatua, kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kila hatua ni duara moja la maandishi. Basi. Draivu haijui hedi imesimama duara gani wala inachosikia maana yake nini. Mwenye kujua ni chipu moja, kidhibiti, yenye miguu mingi, iliyokaa kati ya kompyuta na draivu.

Kompyuta inakiambia kidhibiti: nipe fungu la sita, duara la ishirini. Umeme ukiwa ndiyo kwanza umewaka, hata kidhibiti hakijui hedi iko wapi. Kwa hiyo kinairudisha nyuma, nyuma, mpaka igote mwisho wa reli, na ndiyo ile sauti ya kra-kra-kra wenye mashine hizo wanayoikumbuka. Pale kinasema, haya, hii ni sifuri, na kuanza kuhesabu hatua. Kikifika duara linalotakiwa kinasikiliza. Kila fungu lina anwani imeandikwa mbele yake, na mwisho wa anwani kuna hesabu ya kuhakiki. Kidhibiti kinapiga hesabu hiyo upya chenyewe. Ikilingana, kinapokea maandishi yanayofuata na kuipa kompyuta herufi moja moja, upesi, na kompyuta ikichelewa kupokea hata herufi moja, fungu zima limeharibika na linaanzwa upya. Hesabu isipolingana, kinaliacha fungu lipite, kinangoja lizunguke tena, kinajaribu tena. Baada ya mizunguko kadhaa kinakata tamaa na kusema hakuna kitu hapa.

Sasa, kila kampuni ya zamani hizo ilikuwa na chipu yake na mtindo wake wa kuandika anwani. Kidhibiti cha kompyuta yangu kilikuwa kinasikia maandishi ya yule karani kama mimi ninavyosikia Kiflamand. Kilichohitajika ni mashine ileile.

Niliitafuta wiki tatu. Kila asubuhi iliyokuwa kavu nilikwenda kwenye soko la mitumba la Jeu de Balle, ambako watu humwaga chini vyombo vya marehemu wao, nikapekua kati ya vyungu na picha za harusi za watu wasiojulikana. Alhamisi moja nikaiona: kibodi ya rangi ya maziwa yaliyochacha, draivu yake imefungwa nayo kwa kamba, kitabu chake hakuna. Muuzaji alidhani ni taipureta iliyovunjika, na sikumsahihisha. Nilipoifungua kule saluni, kapasita mbili zilikuwa zimevuja na mkanda wa draivu umelegea. Nilibadilisha, nikapangusa hedi kwa spiriti, nikaiwasha. Kra-kra-kra. Wasusi wote wakageuka kutazama. Nilifurahi mpaka nikawanunulia chai.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na ni kosa la mtoto wa fundi redio.

Kila aliyekulia na kaseti anajua kile kidude cha plastiki nyuma yake. Ukikivunja, tundu likabaki wazi, kaseti hairekodiki tena. Ukiziba tundu kwa selotepu, inarekodika. Sisi Tanga tuliziba kaseti za mawaidha za babu tukarekodia taarabu, na tulichapwa kwa hilo, kwa hiyo nilikuwa na hakika nalo mwilini. Flopi ndogo ngumu zilipokuja zilifuata sheria hiyohiyo: tundu wazi, iko salama, tundu limezibwa, inaandikika. Basi nilipokiona kile kibandiko cheusi cha karani kimeziba kipengele, nilisema moyoni, masikini, ameiacha wazi kwa kuandikwa miaka yote hii. Nikakibandua kwa ukucha, taratibu, nikajisifu kwa uangalifu wangu.

Kwenye flopi kubwa ni kinyume. Kipengele kikiwa wazi, inaandikika. Kikizibwa, draivu yenyewe inakataa kuandika, hata kidhibiti kikiamuru. Yule karani alikuwa ameziba kwa makusudi. Alijua kazi yake kuliko mimi nilivyojua yangu.

Niliiingiza flopi, nikaomba orodha. Ikaja kwenye skrini, herufi za kijani, faili kwa mwaka: ubatizo themanini, themanini na moja, themanini na mbili, mpaka tisini na tatu. Niliizima hapo hapo. Sikuwa na flopi tupu ya saizi hiyo ya kutolea nakala. Kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles walinitazama kana kwamba nimeulizia mafuta ya taa. Nilizipata sokoni Jumamosi asubuhi, boksi zima. Yule mama alikuwa amesema atapita Jumamosi saa kumi, akitoka zamu.

Mtu mwenye akili angengoja Jumatatu. Jumamosi pale saluni ilikuwa siku ya maharusi, na fyuzi zilikuwa zikikatika kila mara, maana nyaya za jengo lile zilikuwa za kizamani. Mimi mwenyewe ndiye niliyewawekea wasusi sheria: kofia tatu kwa wakati mmoja, si nne. Lakini nilitaka akifika akute kazi imekwisha. Nilitaka nimkabidhi karatasi aone mimi ni nani. Kiburi tu, hakuna jina lingine.

Kulikuwa na bibi harusi na wasindikizaji sita. Nilianza kunakili saa nane na nusu. Faili ya themanini ikasomeka yote. Nikafungua ya themanini na moja, nikaona kurasa zinapita, na kwa udadisi nikasimamisha kwenye mwezi wa tisa. Alikuwepo. Jina la mtoto wake mkubwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la karani kama baba, jina lake yeye kama mama, na namba ya rejista mwanzoni mwa mstari. Karani alikuwa ameandika ubatizo wa mwanawe mwenyewe sawasawa na wa watoto wa watu wengine, bila hata nukta ya ziada. Niliutazama mstari ule muda mrefu kidogo. Kisha nikaiamuru mashine iendelee kunakili, diski ikaanza kuzunguka, na msusi mmoja akawasha kofia ya nne.

Giza. Wasichana wakaguna. Mwenye saluni akalaani kwa Kilingala, akakimbilia sanduku la fyuzi, akawasha. Ikakata tena. Akawasha tena.

Umeme ukikatika, kidhibiti hakifi papo hapo. Kinakufa kwa kushuka, na wakati kinashuka hakijijui. Waya zake zinaweza kutoa amri yoyote, pamoja na amri ya kuandika. Umeme ukirudi ghafla ni vilevile, kinaamka kikiropoka. Diski bado inazunguka, hedi bado imeigusa. Kama kibandiko kipo, draivu inaizuia amri hiyo mlangoni. Kibandiko kilikuwa kwenye sahani yangu ya chai.

Waliponiletea umeme wa kutulia, niliomba faili ya themanini na moja. Nikasikia hedi ikienda, ikitulia, diski ikizunguka. Mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Halafu kra-kra-kra, ikarudi sifuri, ikahesabu upya, ikajaribu tena. Halafu kosa kwenye skrini. Niliijaribu mara ishirini. Niliirekebisha hedi kwa bisibisi, upande huu, upande ule. Niliandika programu fupi ya kusoma fungu moja moja nikiliomba kwa jina lake. Mafungu ya duara lile yalikuwa takataka tupu. Faili nyingine zote zilisomeka. Ya themanini na tisa, mwaka wa mtoto mdogo, ilisomeka kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kilichofutika ni pale tu hedi iliposimama, na ilisimama pale kwa sababu nilikuwa nimesimama kutazama.

Saa kumi aliingia. Alikuwa amepita dukani amenunua maandazi, yale madogo ya mviringo wanayoyaita mikate, ya moto, ndani ya karatasi. Nilikuwa nimeshaomba printa ya mwanafunzi mmoja na kuchapisha ya themanini na tisa. Nikampa. Alisoma jina la binti yake, akaweka kidole juu ya jina la mume wake, akakiacha hapo.

"Aksanti," akasema. "Aksanti, maman. Na ya mukubwa?"

Nilikuwa na maneno tayari, naapa. Nilikuwa nimeyapanga: mama, nimeiharibu mimi, kwa kutojua na kwa haraka. Nikasema, "Mama, ile ya themanini na moja haisomeki. Imeharibika."

"Imeharibika namna gani?"

Nilianza kukunja waya wa printa. Akaiangalia flopi mezani, akaiangalia ile bahasha yake yenye doa. Nikamwona anafika mahali ambapo mimi sikumpeleka.

"Ni ile mafuta," akasema polepole. "Siyo? Ijumaa tuliiweka katikati, tuliiombea. Papa pasteur alitia mafuta. Mimi njo nilimuomba atie mingi."

Alikuwa ananiuliza. Mtu anayeuliza anaweza kujibiwa hapana. Neno ni fupi, nilikuwa nalo mdomoni.

"Labda," nikasema.

"Labda, ao ndiyo?"

"Ndiyo. Mafuta yakiingia kwenye diski, ndivyo inavyokuwa."

Aliketi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakulia. Alifungua ile karatasi, akanipa andazi, akasema nile lisipoe. Nikala. Nakumbuka lilikuwa tamu, na nachukia kwamba nakumbuka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, imenyooka, na hakuna aliyenisimamisha. Padri mzee aliutambua ukurasa wa binti, akatia sahihi, wakili akaupeleka. Kwa mtoto mkubwa wakaambiwa watafute ushahidi mwingine, kipimo cha damu, barua, mashahidi wa kiapo. Mimi nilikuwa nimeona mstari ule kwa macho yangu. Ningeweza kwenda kwa wakili nikaandika: niliuona, ulisomeka hivi, namba yake hii. Huenda wangenicheka, huenda wasingenicheka. Lakini kuandika kwamba niliuona ilikuwa ni kuandika kwamba ulikuwa mzima wiki nne baada ya maombi. Niliiweka namba ile kichwani na sikumpa mtu.

Kipimo cha damu kilipangiwa Nairobi mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa tisa ulifika kwanza.

Yule mama aliacha kwenda kwenye sala ya Ijumaa. Niliambiwa na wasusi, si na yeye. Walisema alisimama mbele ya kikundi akawaomba wasipake tena mafuta karatasi za watu, wakabishana naye, mmoja akamwambia kwamba imani yake ndiyo iliyokuwa ndogo, si mafuta yaliyokuwa mengi. Akatoka. Alikuwa mwimbaji wao wa kwanza. Baada ya hapo alikuwa na kazi, na kitanda chake kule Jette, na sisi wa saluni alipopata nafasi. Alikuwa akija kunisalimia. Ndiyo, mimi. Alikuwa anasema mimi ndiye mtu pekee aliyehangaika kwa ajili yake bila kumhubiria.

Binti alifika mwishoni mwa mwaka elfu mbili. Mama yake alifanya karamu ndogo kwenye chumba chake, kuku, fufu, sombe ya majani ya muhogo, chupa za soda kwenye dirisha zipoe. Tulikuwa watu wanane. Alinikalisha karibu yake, akanipakulia wa kwanza, akawaambia wengine kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba bila mimi mtoto huyu asingekuwa hapa. Wakanipigia makofi. Binti alikuwa mwembamba, kimya, anakula huku akitazama theluji ya nje kama mtu anayehakikisha haiingii ndani.

Saa nane simu ililia. Alikuwa mtoto mkubwa, kutoka Nairobi, amekwenda kwenye simu ya mtaani kwa sababu ya siku ile. Akaongea na mdogo wake, akaongea na mama yake. Kisha mama yake akanigeuzia mkono wa simu. "Anataka kukushukuru, maman. Muongee naye."

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye adabu. Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi.

"Shikamoo, tantine. Mama ameniambia yote ulivyojaribu. Aksanti sana."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Unafanya kazi gani?"

"Niko garage, nashika spana. Sijambo." Nikasikia akitia sarafu nyingine. "Tantine, nakuomba kitu. Mama kila akinipigia ananiomba msamaha juu ya ile mafuta. Tangu mwaka jana mpaka leo. Mimi nilishamwambia sina kinyongo, hasikii. Wewe ni fundi, wewe anakuamini. Mwambie si yeye. Hata kama ni yeye, mwambie si yeye."

Yule mama alikuwa amesimama pembeni yangu na sahani mkononi, ananitazama mdomo. Chumba kilikuwa kidogo, kila mtu alikuwa ameacha kula ili nisikie vizuri.

"Nitamwambia," nikasema kwenye simu.

Laini ikakatika. Nikairudisha simu mahali pake. Akaniuliza, akitabasamu, "Anasema nini?"

"Anakusalimu," nikasema.